Jibu la Kumwamsha Mwalimu

Habari ilimkuta Fundi ana pini nne mdomoni, na mteja amesimama mbele yake mikono juu kama mtu aliyekamatwa. Simu iliita mezani, katikati ya mkasi na kipande cha chaki ya kuchorea kitambaa. Akaibonyeza kwa kidole kidogo, kwa kuwa vidole vingine vilikuwa vimeshika pindo. Aliyepiga alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi alikofundisha dada yake. Alisema polepole, neno moja moja, kwamba Dada Mkubwa ametutoka asubuhi hii, saa nne na robo, darasani kwake.

Fundi akacheka.

Alicheka na pini zake mdomoni, akamwambia mwalimu mkuu amfikishie salamu huyo dada yake, na amwambie kwamba safari hii haji na ndoo. Si kwamba Fundi alikuwa na moyo wa jiwe. Mwaka uliotangulia, huyohuyo mwalimu mkuu, mtu mzima mwenye mvi na kitambi cha heshima, alimpigia simu akamwambia kuna moshi shuleni, aje mbio na ndoo alizonazo. Fundi alifunga duka, akavuka barabara mbili na ndoo kichwani na nyingine mkononi, akafika anahema, akakuta watoto arobaini wa darasa la tatu, wanafunzi wa dada yake, wamejipanga mstari na vikombe. Walikuwa wanajifunza lita. Moshi ulikuwapo kweli, mwalimu mkuu hakusema uongo: mlinzi alikuwa anachoma majani nyuma ya choo.

Basi Fundi alisubiri kicheko cha upande wa pili. Hakikuja. Alisikia mtu anapenga kamasi.

"Mama," mwalimu mkuu akasema, "leo si mchezo."

Fundi alizitoa pini mdomoni moja baada ya nyingine, akazichoma kwenye mto wake wa pini, zote nne. Kisha akamwambia mteja ashushe mikono.

Wazazi wao walizaa watatu. Wa kwanza alikuwa huyo marehemu, ambaye nyumbani hakuwa na jina zaidi ya Dada Mkubwa. Katikati alikuwa kaka yao, dereva wa lori. Na kitinda mimba alikuwa Fundi. Dada Mkubwa alianza ualimu akiwa na miaka tisa, na mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa mdogo wake, ambaye hakuombwa ridhaa. Fundi alikuwa mtoto mgumu wa kuhesabu. Akifika kumi anachoka, anasema zilizobaki ni "nyingi". Dada Mkubwa hakumchapa wala hakumkaripia. Alimfunga kitambaa machoni, akamsimamisha juu ya ngazi za nyuma ya nyumba, akamwambia ngazi ni kumi na nne, ashuke huku akihesabu, na akikosea atajua mwenyewe. Fundi aliruka kumi na mbili. Pua ilivimba kwa wiki nzima. Mama yao alitaka kumchapa Dada Mkubwa, lakini huyo mtoto alijitetea kwamba mwenzake sasa hatasahau kumi na mbili mpaka kiama. Na kweli. Mpaka leo Fundi akishuka ngazi popote pale, ikifika ya kumi na mbili mkono wenyewe unatafuta ukuta.

Alipokuwa mwalimu wa kweli, mwenye cheti, alifundisha miaka miwili ya mwanzo kama wengine wote: ubao, chaki, imbeni pamoja, nyamazeni. Watoto waliimba jedwali la kuzidisha kama kasuku, na kama kasuku hawakujua wanachokiimba. Ukimuuliza mtoto sita mara saba, hawezi kukupa mpaka aanze kuimba tangu sita mara moja, na ukimkatiza katikati anarudi mwanzo. Dada Mkubwa alikuwa akirudi jioni, anaketi dukani kwa Fundi kati ya mabaki ya vitambaa, anasema amechoka kufundisha redio.

Mchezo wenyewe ulizaliwa kwa mafua. Siku hiyo koo lilikuwa limefunga, sauti haitoki. Aliandika swali ubaoni, akalaza kichwa mezani apumzike kidogo. Mtoto mmoja mwenye huruma alimwendea akamnong'oneza jibu sikioni. Lilikuwa sahihi, na Dada Mkubwa, ambaye alikuwa ameanza kusinzia kweli, aliruka kama aliyeumwa na siafu. Darasa zima lilivunjika mbavu. Kisha mikono arobaini ikapaa hewani, kila mmoja anataka kumwamsha mwalimu.

Tangu siku hiyo hakufundisha tena hesabu akiwa macho. Anaandika swali, anaketi, anaegemeza shingo, anaanza kukoroma. Alikoroma kwa ufundi, kwa mapigo tofauti, na filimbi mwishoni. Mtoto akija na jibu bovu, mkoromo unapanda. Akija na jibu zuri, mwalimu anaruka na kuuliza kama kumekucha. Lakini kulikuwa na sheria moja, na hiyo haikuwa mzaha: mkono kwanza, mdomo baadaye. Hakuna kusogelea kiti cha mwalimu kabla hujalijenga jibu lako kwenye meza ya vitu. Meza hiyo ilikuwa na vizibo vya soda, vijiti, mawe, na vifungo, na vifungo vilitoka unakojua. Fundi hakuwahi kumkamata akiviiba. Dada Mkubwa alikuwa anaingia dukani kusalimia, anaketi kidogo, anaondoka, na pakiti inakuwa nyepesi. Shati moja la mchungaji lilikaa wiki mbili likingoja kifungo cha tatu, kwa sababu kifungo hicho kilikuwa shuleni kinafundisha kutoa. Fundi alipolalamika, aliambiwa asiwe mchoyo. "Elimu ni bahari," Dada Mkubwa alisema, "lakini mtoto huanza kwa kuchezea maji ya beseni. Wewe nipe beseni."

Mtaa ulimwita Mwalimu Koroma, na yeye aliitika.

Kisha akaja mkaguzi. Aliingia darasani bila hodi, jalada kwapani, akamkuta mwalimu wa serikali amelala kitini mdomo wazi. Akakohoa. Mwalimu akaendelea kukoroma. Akakohoa tena, kwa sauti ya cheo. Mtoto wa dawati la mbele, kwa adabu zote, alimweleza kwamba mzee, huyu haamki kwa kikohozi, anaamka kwa jibu, na swali lile pale ubaoni: saba mara nane. Mkaguzi alitazama ubao, akatazama watoto arobaini wanaomngoja kwa imani, akasema hamsini na nane. Mkoromo ukapanda. Watoto wakamwonea huruma. Mmoja alimshika mkono akampeleka kwenye meza ya vitu, wakapanga pamoja vizibo mistari saba, kila mmoja vizibo vinane, mkaguzi akihesabu kwa kidole chake mwenyewe, na alipofika mwisho akainama kwenye sikio la Dada Mkubwa akasema hamsini na sita. Dada Mkubwa akaruka. "Karibu, mzee," akasema. "Kumekucha?"

Taarifa ya mkaguzi ilikuwa na mstari mmoja tu wa maana: mwalimu alikutwa amelala kazini. Ilikuwa kweli tupu. Baada ya majuma matatu ikaja barua ya onyo yenye mhuri, ikimtaka asikutwe tena amelala kitini. Dada Mkubwa alitii. Alianza kulala akiwa amesimama, ameegemea ubao kama farasi. Na barua yenyewe aliipeleka darasani, kwa kuwa ilikuwa karatasi nzuri, ngumu, na darasa lilikuwa limefika kwenye sehemu: wakaikata nusu, nusu wakaikata robo, robo wakaikata moja ya nane. Ofisi ilipouliza mbona hajajibu barua, alijibu kwa maandishi kwamba barua ilipokelewa na kugawanywa kikamilifu, na darasa zima sasa linaielewa. Mwalimu mkuu alikaa na jibu hilo mezani siku mbili kabla ya kulituma. Alilituma.

Baadaye magoti yalianza kumsumbua, na mkaguzi yule alihamishwa. Mwalimu Koroma akarudi kwenye kiti chake.

Mambo ya Jumatano hiyo, siku ya kifo, Fundi aliyapata kwa mwalimu mkuu, walipokuwa wameketi kwenye benchi la hospitali wakisubiri karatasi. Alisimulia akiwa ameinamisha kichwa, kama mtoto aliyevunja dirisha. Swali lilikuwa ubaoni: sita mara tisa. Dada Mkubwa aliketi, akaegemeza shingo, akakoroma mara tatu au nne. Palikuwa na msichana mmoja, ambaye marehemu mwenyewe alikuwa amempa jina la Chiriku, kwa sababu mdomo wake haujui kupumzika. Chiriku aliruka sheria. Hakwenda kwenye meza ya vitu. Alilijua jibu kwa kichwa, akakimbilia kitini, akasema hamsini na nne.

Mwalimu hakuamka.

Na hapo watoto wale walifanya kosa ambalo hakuna watoto wengine duniani wangelifanya. Siku zote, mwalimu akilala jibu ni bovu, akiamka jibu ni zuri. Basi hawakusema kuna jambo limempata mwalimu. Walisema si hamsini na nne. Mwingine akajaribu hamsini na tatu. Mwingine hamsini na tano. Mmoja aliyekuwa anapanga vifungo alisukumwa, vikamwagika chini ya madawati. Wakapanga foleni, mmoja mmoja, kwa nidhamu, wakamnong'oneza hamsini na sita, sitini, arobaini na tisa, mia moja. Walidhani mkoromo umekatika kwa sababu swali ni gumu. Mwalimu wa darasa la nne, upande wa pili wa ukuta, ndiye aliyeshtuka. Kelele za Mwalimu Koroma alizizoea kwa miaka kumi na moja, na hakuwahi kuzilalamikia. Alichokuja kuuliza ni kwa nini pamekuwa kimya.

"Dakika ngapi?" Fundi aliuliza.

Mwalimu mkuu alisema hajui. Labda kumi na tano. Labda ishirini.

Daktari alipotoka aliwaambia kwamba moyo ulisimama mara moja, na kwamba hata kama mama huyu angekuwa ameketi mlangoni pa hospitali, asingeamka. Fundi alimshukuru Mungu kwa neno hilo. Lakini zile dakika ishirini hazikumtoka, na kusema kweli, njiani kurudi nyumbani aliwachukia watoto arobaini wote kwa pamoja, kisha akaomba msamaha, kisha akawachukia tena.

Kaka yao hakuomba msamaha. Alifika Alhamisi na lori lake, vumbi mpaka kwenye kope, na aliposimuliwa aliketi sebuleni kati ya waombolezaji akatoa amri kwa sauti iliyozoea kushindana na injini. Watoto wale walisimama wakimtazama dada yake akikata roho, wakamfanyia mchezo. Hakuna hata mmoja atakayekanyaga makaburini Jumamosi. Mashangazi waliafiki. Fundi alikuwa anagawa chai, akaendelea kugawa chai.

Alasiri hiyo akaja bibi mmoja mnene, mwenye fimbo, aliyevaa kanga mpya na viatu visivyofanana. Alitoa pole zake kwa utaratibu, akasali na watu, kisha akamvuta Fundi mpaka jikoni.

"Mama, nimekuja na pole, na nimekuja na shida," akasema. "Mimi ni bibi yake Chiriku. Mtoto hasemi."

Fundi akamuuliza hasemi namna gani.

"Hasemi kabisa. Tangu jana. Huyu ambaye akilala usingizini anasema, mimi nikitaka kusali inabidi nitoke nje. Sasa nyumba imekuwa kama gofu. Wenzake wamemwambia yeye ndiye aliyemwua mwalimu. Ati alitoa jibu bila kushika vitu, jibu likawa la uongo, mwalimu akakasirika akakataa kuamka."

"Jibu lenyewe ni sita mara tisa."

"Hilohilo. Alisema hamsini na nne. Mimi sikusoma, mama. Niambie wewe uliyefika sekondari: ni uongo?"

Fundi hakuwa na jedwali kichwani, alikuwa na nguo. Akaona mashati sita yametundikwa, kila moja vifungo tisa, akayapita moja baada ya jingine. Akasema si uongo.

"Basi kamwambie," bibi akasema. "Mimi nimemwambia hamsini na nne ni sawa, akanitazama kama mtu anayemhurumia bibi yake. Hali, mama. Anaweka chakula mdomoni anakitoa. Ukizika Jumamosi na hilo likiwa bado moyoni mwake, utakuwa umezika wawili."

Neno hilo lilimkaa Fundi. Alilipeleka kwenye sala, akatumaini litapungua uzito, likarudi na uzito uleule. Alikuwa na haki ya kukaa na msiba wake kwenye jamvi, hakuna ambaye angemlaumu. Lakini dada yake alikuwa amefundisha miaka thelathini na mmoja, na mwanafunzi wake wa mwisho alikuwa ameondoka darasani anaamini kitu cha uongo. Dada Mkubwa angesamehe vyote, hata kufa, lakini si hilo.

Ijumaa asubuhi alipita dukani, akachota vifungo mfukoni bila kuvihesabu, akaenda shuleni. Mwalimu mkuu alimfungulia mlango wa darasa la tatu, akasimama nje, hakuweza kuingia. Kiti kilikuwa kimeondolewa. Ubaoni bado kulikuwa na sita mara tisa, kwa mwandiko wa Dada Mkubwa, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kufuta. Watoto walisimama wote. Walimjua: ndiye mama wa vifungo.

Fundi alianza vibaya. Alisema yale aliyokuwa ameambiwa yeye na waombolezaji tangu Jumatano, kwamba Mungu alimpenda mwalimu wenu zaidi, akamwita, naye akaitika. Watoto walisikiliza. Kisha mtoto mmoja wa dawati la mbele, ambaye aliitwa Wakili kwa kuwa hakubali jambo bila ushahidi, alinyoosha mkono.

"Kwa hiyo Mungu ndiye aliyepata jibu?"

"Jibu gani?"

"La kumwamsha. Sisi tulisema mengi, yote yalikuwa mabovu. Mungu alisema ngapi?"

Darasa zima lilimgeukia Fundi. Walitaka namba hiyo. Kwenye dawati la mwisho, karibu na dirisha, alikaa msichana mdogo mwembamba, midomo imebanwa, na hakuwa na mwenzake wa kukaa naye. Dawati zima lilikuwa lake.

Fundi akaona kwamba maneno hayatamfikisha popote. Hakuwa mwalimu, alikuwa mtu wa mikono. Akavuta meza ya vitu mpaka katikati, akamimina vifungo vyake, vya rangi zote, vikubwa kwa vidogo, akawaambia waje wote. Hatalala, aliwaambia; yeye akilala anaumwa shingo. Atakaa macho na wao watajenga. Sita mara tisa.

Walisita mwanzoni, kisha mkono mmoja ukaingia, kisha ishirini. Waligombana mistari iende huku au kule. Walikataa vifungo viwili kwa kuwa vilikuwa na ufa. Walipomaliza, Wakili, aliyekuwa ameketi kwenye benchi lililosogezwa mezani, alihesabu kwa sauti, kidole kikigusa kimoja kimoja, akafika hamsini na tatu. Kukawa na mnong'ono. Mmoja akasema ndiyo maana. Fundi alihisi jasho shingoni, kwa kuwa hesabu yake ya mashati ilikuwa ya jikoni, na huenda msiba ulikuwa umemchanganya. Akawaambia wahesabu tena. Hamsini na tatu. Mstari wa nne ulikuwa na vifungo vinane, na kila mtoto aliapa kwamba aliuweka tisa.

Hapo ndipo sauti ilitoka nyuma, kavu, kama bawaba ambayo haikutiwa mafuta siku nyingi.

"Wakili amekikalia."

Wote wakageuka. Chiriku alikuwa amesimama juu ya dawati lake ili aone vizuri.

"Sijakikalia," Wakili akasema, bila kusimama.

"Umekikalia. Chekundu. Nimekuona ukikiweka. Mwizi wewe, na unajiita Wakili."

"Nilitaka kuona kama watagundua."

"Simama basi."

Wakili alisimama. Kifungo chekundu kilikuwa pale kwenye benchi, chenye joto, ushahidi kamili. Vicheko vilipasuka darasani, vya kwanza tangu Jumatano, na Fundi alijikuta anacheka pamoja nao mpaka machozi, na machozi yakajua njia nyingine yakaifuata. Aliyafuta kwa kiganja. Akamwambia Chiriku aje ahesabu yeye.

Alikuja. Alikichukua kifungo chekundu, akakiweka kwenye mstari wa nne, akaanza upya tangu mwanzo, kwa mkono, bila kuruka hata kimoja. Alipofika hamsini alipunguza mwendo. Hamsini na moja. Hamsini na mbili. Hamsini na tatu. Kidole kikabaki juu ya kile cha mwisho.

"Sema," Fundi akamwambia.

"Nikisema na yeye haamki?"

"Haamki. Juzi usingemwamsha, kesho hutamwamsha. Leo hayupo hapa. Lakini hesabu ipo. Sema tu."

"Hamsini na nne," Chiriku akasema. Akangoja. Hakuna kilichotokea. Vifungo vilikuwa vilevile, mistari sita, kila mmoja tisa. Alivitazama kwa muda mrefu, na Fundi akaona bega moja likishuka, kisha la pili.

"Kwa hiyo nilipata."

"Ulipata tangu Jumatano. Ila sheria ulivunja."

"Nilijua kwa kichwa," Chiriku akasema, na kulikuwa na kiburi kidogo ndani yake, kiburi kizuri, cha mtoto aliyekula.

Kisha Fundi aliwaambia waweke kiganja kifuani, upande wa kushoto, wanyamaze. Watoto wa Mwalimu Koroma walijua kufundishwa kwa mkono, walinyamaza. Aliwauliza kama wanasikia. Wakasema wanasikia. Akawaambia moyo wa mwalimu ulisimama ghafla, alipokuwa amekaa kitini, na moyo ukisimama mtu hasikii tena jibu, zuri wala bovu, wala la mtoto wala la daktari. Hawakumwua. Walimnong'oneza mpaka dakika ya mwisho, na yeye, Fundi, hamjui mtu mwingine aliyeagwa na watu arobaini waliokuwa wakimtakia aamke. Kuhusu Mungu, alisema, yeye anaamini amempokea. Amemwambia namba gani hajui. Atamuuliza siku atakapofika.

Wakili alitaka kujua kama atawaletea majibu. Chiriku alimwambia asiwe mjinga.

Jioni Fundi alimkuta kaka yake amelala chini ya lori, miguu tu ndiyo inaonekana, anakaza kitu ambacho hakikuwa kimelegea. Alimsimulia akiwa amesimama, anaongea na zile soli mbili za viatu. Alimweleza juu ya hamsini na tatu na kifungo cha kukaliwa. Kwa muda mrefu alisikia spana tu.

"Hawakujua?" kaka akauliza kutoka chini.

"Hawakujua, kaka. Walidhani wamekosa hesabu."

Spana ikanyamaza. Kisha kaka akasema kwamba makaburi yako mbali kwa miguu ya watoto, na lori lina nafasi, ila waambiwe wasiguse honi.

Mazishi yalikuwa Jumamosi saa tano asubuhi. Honi iliguswa mara mbili njiani, na dereva akaendelea kuendesha. Jeneza lilibebwa na kaka, mwalimu mkuu, mwalimu wa darasa la nne na majirani watatu. Mchungaji alisoma Neno, akaomba kwa ufupi kwa sababu jua lilikuwa kali na wazee walikuwa wamesimama. Mwalimu mkuu alitakiwa kusema wasifu wa marehemu. Alisoma mwaka wa kuzaliwa na miaka ya kazi, akashindwa kuendelea, akakaa.

Darasa la tatu walisimama upande wa kulia wa kaburi, mistari miwili, wamevaa sare. Chiriku alikuwa karibu na bibi yake, na katikati ya sala ya mwisho aliuliza nani alichimba, kina chake ni mita ngapi, kwa nini udongo wa chini una rangi nyingine, na kama mvua ikinyesha itafika. Bibi alimbana mkono mara tatu. Mara ya nne alimwacha. Fundi alikuwa upande wa pili wa kaburi na aliyasikia yote.

Jeneza lilishushwa kwa kamba. Familia ilitupa udongo kwanza, Fundi akafuata kaka yake, kisha walimu, kisha watoto mmoja mmoja. Wanaume wakajaza kaburi kwa majembe, kwaya ikaimba nyimbo mbili. Msalaba wa mbao ukasimikwa, wenye jina lake na miaka yake, na mashangazi wakaweka maua. Mchungaji akatoa baraka. Watu walipeana mikono na kuanza kutawanyika. Kaka alikusanya majembe akayapanga nyuma ya lori, akawapandisha watoto, akahakikisha lango limefungwa. Fundi alibaki dakika chache, akasali akiwa amesimama, kisha akapanda mbele, na wakaondoka.